Shajara ya Mradi: Kumtafutia Mwanamfalme Msimulizi Wake

Jumamosi, 1 Machi 2025

Leo tumeanza sehemu ya pili. Kwa msomaji anayeikuta shajara hii katikati, mradi wetu ni kusimulia kwa Kiswahili michezo mitatu ya Prince of Persia iliyotolewa na Ubisoft kati ya 2003 na 2005. Mdogo wangu anacheza kwenye kompyuta, tunarekodi kila kinachoonekana kwenye skrini, kisha tunafunika sauti za Kiingereza kwa sauti zetu wenyewe, kama filamu za Kihindi na za Kichina zilivyokuwa zikitafsiriwa kwenye mabanda ya video tangu tukiwa watoto. Sehemu ya kwanza, The Sands of Time, tuliimaliza kabla ya Krismasi kwa vipande 11, na mjomba alituruhusu kuvionyesha kwenye banda lake hapa Mwanjelwa, Mbeya, kila Jumapili alasiri, kabla watu wa mpira hawajajaa.

Sehemu ya pili ni Warrior Within, mchezo uliotoka mwishoni mwa 2004, mwaka mmoja tu baada ya ule wa kwanza. Mara ya mwisho kuucheza ilikuwa 2006, katika kibanda cha gemu pale Kabwe, nikilipia kwa saa, na sikuumaliza. Ninachokumbuka ni kukimbia tu.

Jumapili, 9 Machi

Kabla ya kurekodi sentensi hata moja nimeangalia upya vipande vyote vya sehemu ya kwanza, kwa sababu nilitaka kujua ni nini hasa kilichowafanya watoto wa mtaani waache mpira wao wa makaratasi na kuja kukaa kwenye mabenchi ya mjomba kutazama mchezo ambao wao wenyewe hawaushiki. Nadhani sasa ninajua. The Sands of Time umejengwa kama hadithi ambayo mtu mmoja anamsimulia mwenzake. Mwanamfalme anaanza kuzungumza kabla hatujamfahamu, anaeleza jinsi alivyochukua Jambia la Wakati kutoka hazina ya Maharaja, jinsi Waziri mhaini alivyomlaghai mpaka akaufungulia mchanga uliokuwa umefungwa katika saa kubwa ya mchanga, na jinsi kasri zima lilivyogeuka kuwa viumbe vya mchanga isipokuwa yeye, Waziri huyo na Farah, binti wa Maharaja. Mwishoni ndipo tunapogundua kwamba anayesimuliwa muda wote ni Farah mwenyewe, ambaye hakumbuki lolote kwa kuwa wakati umerudishwa nyuma na mambo hayo kwake hayajatokea.

Jambo lililotushika zaidi ni dogo kuliko hilo. Mchezaji anapokosea hatua na Mwanamfalme akaanguka shimoni, sauti ya msimulizi inajisahihisha kwamba hapana, haikuwa hivyo, kisha tunarudi pale tulipoachia. Kifo katika mchezo ule ni kuteleza kwa ulimi tu. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za jikoni, moshi ukituumiza macho na kande zikitokota, hatukuhitaji kueleweshwa, kwa sababu hata bibi alikuwa akimfikisha Sungura mtoni kabla ya wakati wake, kisha anajikatiza na kumrudisha. Kila kipande tulikifungua kwa "Hadithi, hadithi!" na banda zima likaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Ilipofika Jumapili ya tatu, watoto walikuwa wakipiga kelele za "Haikuwa hivyo!" kabla sauti yangu haijatoka kwenye spika, na mimi niliyeirekodi nilijikuta nimechelewa kwenye kazi yangu mwenyewe.

Halafu kuna mwili. Jordan Mechner, aliyebuni mchezo wa asili wa 1989 kwa kompyuta ya Apple II, alimrekodi mdogo wake kwa kamera ya video akikimbia, akiruka na kuning'inia, kisha akazifuatisha picha zile moja baada ya nyingine mpaka mtu mdogo mwenye nguo nyeupe akapata uzito wa binadamu. Timu ya Ubisoft ya Montreal, ambayo Mechner aliiandikia hadithi mwaka 2003, iliupa mwili huo kuta za kukimbilia ubavuni na nguzo za kurukia. Mdogo wangu aliposikia kwamba Mwanamfalme wa kwanza alikuwa mdogo wa mtu, alidai malipo yake ya miezi mitano.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Chumba tunachorekodia ni cha mabati bila dari, na Machi ya Mbeya haina huruma. Tumejaribu kurekodi ndani ya kabati la nguo tukiwa tumejifunika blanketi mbili, na kilichopatikana ni sauti ya mtu anayezungumza akiwa chini ya maporomoko. Hakuna kazi iliyofanyika.

Jumamosi, 22 Machi

Tumepata saa nne za ukavu na tumezitumia kugombana kuhusu sauti.

Mwanamfalme wa Warrior Within si yule tuliyemzoea. Imepita miaka saba ya hadithi, na muda wote huo amekuwa akifukuzwa na kiumbe kiitwacho Dahaka, kwa kosa la kuwa hai wakati alipaswa kufa siku alipoufungulia mchanga. Amenyoa ucheshi wake wote. Yuri Lowenthal, aliyempa sauti mwaka 2003, nafasi yake ilichukuliwa na Robin Atkin Downes, ambaye anamzungumza kwa ukali wa mtu aliyeamka vibaya tangu 1997, na mchezo wa tatu ulipotoka mwaka 2005 wakamrudisha Lowenthal, jambo ambalo kwangu ni kukiri kosa bila kuomba radhi. Mdogo wangu anataka nami nikaze koo. Nimekaza kwa dakika 20 na sasa ninaandika huku nikinywa maji ya tangawizi.

Sababu za mabadiliko hayo zinajulikana na si za kipumbavu. Mchezo wa kwanza ulisifiwa sana lakini ulianza kwa kuuzika polepole, na hata waliousifu walilalamikia mapigano yake, ambayo kweli yanajirudia kama pasi za mazoezini. Katika wa pili wakaongeza silaha ya mkono wa kushoto, wakaongeza kukaba, kurusha na kukata vichwa, wakaongeza damu, na huko Marekani mchezo ukatoka kwenye daraja la vijana wa miaka 13 na kuendelea ukaingia lile la miaka 17. Muziki wa Stuart Chatwood ulibaki, ila safari hii ukawekewa jirani, bendi ya roki ya Godsmack, na magitaa yake yananguruma kama fuso inayopanda mlima kwa gia ya kwanza. Mechner, ambaye hakushiriki katika mchezo huu, alieleza hadharani baadaye kwamba hakuupenda mwelekeo wake wa sanaa wala ukatili wake.

Kwetu sisi tatizo lilianza merikebuni, katika dakika za mwanzo kabisa. Mwanamfalme anapambana na mwanamke aitwaye Shahdee, anajeruhiwa, na anamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa wala kulisema mbele ya watoto wa mjomba. Tulijaribu njia tatu. Kulinyamazia kulifanya mdomo uchezecheze bila sauti, na kulilainisha kulimfanya aonekane mwalimu wa zamu. Mwishowe tumeweka "Leo utanitambua," ambalo halitafsiri chochote kilichomo ndani ya tusi lile, lakini ndilo ambalo mtu wa hapa angelisema akiwa amepigwa upanga na bado amesimama.

Mama mdogo, anayeuza vitenge sokoni na ambaye katika sehemu ya kwanza alikuwa Farah, alikuja kuona wahusika wake wapya. Alimtazama Shahdee, akamtazama Kaileena, yaani Malkia wa Wakati, ambaye kwa Kiingereza alipewa sauti na Monica Bellucci wa Italia, kisha akauliza kwa upole kama malkia wa kisiwa kizima kweli amekosa kitenge cha kumalizia gauni. Hatukuwa na jibu. Aliposikia habari za Dahaka alitusaidia zaidi. Jina hilo ni la kale, la joka la vichwa vitatu katika masimulizi ya Wazoroasta wa Uajemi, nasi tulikuwa tumepanga kumwita zimwi. Mama mdogo alikataa. "Zimwi linakula watu, mwanangu. Huyu hali mtu, anafuata chake. Huyu ni mdai." Tumeliandika neno hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa muswada, na chini yake, kwa mwandiko wa mdogo wangu, imeandikwa "dawa ya deni ni kulipa."

Jumapili, 30 Machi

Leo tumeonyesha kipande cha kwanza bandani kwa majaribio. Walikuja watoto kama 30 na vijana wachache waliosimama nyuma karibu na mlango.

Niliita "Hadithi, hadithi!" wakaitikia kwa nguvu, na kisha hapakuwa na hadithi. Kulikuwa na mapigano merikebuni, merikebu ikavunjika, Mwanamfalme akatupwa kwenye fukwe za Kisiwa cha Wakati, kukafuata mapigano mengine. Vijana wa nyuma walishangilia kichwa cha kwanza kilipokatwa, na walipofika cha kumi hivi walikuwa wamerudi kwenye simu zao. Dakika ya 14 mdogo wangu, wakati tukirekodi, alikuwa ameteleza kwenye msumeno wa ukutani, na tuliiacha sehemu hiyo makusudi tukitegemea banda lipige kelele. Mwanamfalme akafa. Picha ikasimama. Mtoto mmoja wa mbele, mwenye sweta ya kijani iliyochanika kiwiko, akageuka na kunitazama mimi, si skrini, akasubiri. Sikuwa nimeandika chochote cha kusema, kwa sababu mchezo wenyewe hausemi chochote. Baada ya muda aliuliza, "Sasa ndiyo amekufa kweli?"

Nimekuwa nikisoma kwa miaka mingi kwamba Warrior Within uliwasikitisha watu kwa sababu ni wa giza. Siamini tena hivyo. Giza hadithi zetu zinalo tele, na bibi aliwahi kutulaza na habari za mama wa kambo aliyemzika binti wa mwenzake akiwa hai, tukalala. Kilichoondolewa ni msimulizi. Katika mchezo wa kwanza, hata tukiwa peke yetu katika kasri lenye wafu, kuna mtu anayetushika mkono na anayejua mwisho. Katika wa pili hakuna anayezungumza nasi. Mwanamfalme anawafokea maadui, maadui wanamfokea yeye, na sisi tumekaa pembeni kama abiria waliokuta kondakta na dereva wananuniana.

Jumamosi, 12 Aprili

Haki itendeke. Tumefika mahali pazuri, na ni pazuri kweli.

Dahaka anapotokea, rangi zinafifia, na kila ulichojifunza kuhusu kuta na nguzo unapaswa kukifanya bila kusimama. Huwezi kumpiga. Unakimbia ukutani, unaruka, unageuka, mikono yake mirefu ya giza ikikupitia begani, mpaka ufike mahali ambapo maji yanaanguka kama pazia kati yako naye, kwa kuwa maji ndiyo pekee asiyoweza kuyavuka. Tumerekodi mbio ya kwanza mara tisa. Nimegundua kwamba hapo sihitaji kusimulia chochote: inatosha mtu ahema karibu na maiki. Mdogo wangu alizunguka nyumba mbio mara mbili kwenye matope akaja kuhema mwenyewe, na ndiyo sauti bora kuliko zote tulizorekodi mwaka huu.

Na muundo wa kisa una akili kuliko nilivyoukumbuka. Kisiwa kinatembelewa katika nyakati mbili, ya sasa ambapo kila kitu ni magofu yaliyofunikwa na mizizi, na ya zamani ambapo ukumbi ule ule una mazulia na mitego inayofanya kazi. Mwanamfalme amekuja kumzuia Malkia wa Wakati asiumbe ule mchanga. Anamuua, kisha anatambua kwamba mchanga umetokana na kifo chake, yaani amekuja kuzuia maafa na ndiye aliyeyatenda. Baadaye anavaa kinyago kinachomgeuza kuwa kivuli cha mchanga, uhai wake ukivuja kila sekunde, na anapita tena katika matukio tuliyokwisha kuyaona, ila sasa kwa upande wa pili: kile kiumbe cha ajabu kilichokuwa kikimnyemelea mwanzoni alikuwa yeye mwenyewe. Mwandishi aliyepanga hayo anastahili heshima yake. Inauma tu kwamba ameyaweka ndani ya mchezo ambao muda mwingi unashughulika kuonekana mkali.

Jumapili, 27 Aprili

Siku mbaya iliyoishia vizuri, au kinyume chake.

Jana tulimaliza kurekodi picha zote. Mwisho wetu ulikuwa huu: Kaileena amekufa, Dahaka amechukua mwili wake na kwenda zake, Mwanamfalme amepanda chombo peke yake kuelekea Babeli. Tulipumua, na mdogo wangu, kwa kuwa bado kulikuwa na umeme na usiku ulikuwa mchanga, akafungua mchezo wa tatu, The Two Thrones, aone tunakoelekea. Mwanamfalme anawasili Babeli kwa merikebu, na kando yake amesimama Kaileena, mzima. Zaidi ya hapo, sauti inayosimulia mchezo mzima ni ya Kaileena.

Tulitazamana. Kumbe Warrior Within una miisho miwili, na ule unaoendelea kwenye mchezo wa tatu ni ule ambao hatukuupata. Kisiwani kumefichwa sehemu tisa za kuongeza uhai, kila moja mwishoni mwa ujia wenye mitego, na anayezipata zote tisa anapewa Upanga wa Maji, na kwa upanga huo anapigana na mdai mwenyewe badala ya kupigana na Kaileena. Sisi tulipata saba. Tulikuwa tukihifadhi kwenye faili moja tu, kila mara juu ya ile ya zamani, kwa hoja yangu mimi kwamba diski imejaa, na tulipojaribu hatukupata njia ya kurudi nyuma. Mdogo wangu hakusema neno. Alivaa koti akaenda kununua chipsi, akala zote njiani.

Niliyafikiria hayo usiku kucha, na asubuhi nikaenda kwa mama mdogo kabla hajatoka kwenda kanisani. Nilimsalimia, nikamweleza kwamba tunaanza upya, na kwamba safari hii sehemu nzima itasimuliwa na Kaileena, yaani yeye. Kama waundaji wa mchezo walimpa usimulizi katika wa tatu, sisi tunampa mapema, mwaka mmoja kabla. Aliuliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu anayefunga kilemba: "Na pale anaponiua, nani anasimulia?"

Nilijibu kwamba ni yeye vilevile. Katika mchezo wa kwanza Mwanamfalme anamsimulia Farah mambo ambayo Farah hakuyaishi, kwa kuwa wakati ulirudishwa. Kwa mwisho wa Upanga wa Maji, kifo cha Kaileena nacho kinafutwa, kwa hiyo ni mwanamke anayesimulia kifo kilichompata na kisichompata. Mama mdogo alisema msibani huwa anawasikia wengi wa namna hiyo, akachukua pochi akaondoka.

Jumamosi, 10 Mei

Tumepata sita kati ya tisa. Faili ziko nne, moja iko kwenye flashi ninayolala nayo. Mvua zimepungua na baridi imeanza kushuka kutoka mlima Loleza, hivyo blanketi zimerudishwa vitandani na tunarekodi bila kabati.

Jumamosi, 24 Mei

Zote tisa, tangu Jumatano. Leo mama mdogo amerekodi vipande viwili vya kwanza kwa kikao kimoja.

Muswada wangu ulimpa mistari ya kifalme, mirefu, yenye "ewe" nyingi. Aliisoma kwa utulivu mpaka katikati ya ukurasa wa pili, akavua miwani, akaomba picha ichezwe tu naye aseme. Nilikubali kwa adabu zaidi kuliko imani. Alianza kumweleza Mwanamfalme kama mtu anavyomweleza kijana wa jirani aliyeharibikiwa: alivyokuwa, alivyokuja kisiwani kwake akiwa na hasira, alivyokuwa na macho ya mtu asiyelala. Hakumfokea popote. Pale merikebuni, kwenye tusi, alisema, "Akamwambia neno ambalo mimi sitalirudia," na kwa wakati huo huo mdomo wa Mwanamfalme unacheza bila sauti, na haikuonekana kasoro hata kidogo. "Leo utanitambua" yangu imefutwa.

Kisha tukafika kwenye msumeno wa ukutani. Mdogo wangu ana mkosi na mahali pale: ameteleza tena katika rekodi hii mpya, na nilikuwa nimesahau kupakata sehemu hiyo. Mwanamfalme akaanguka. Picha ikasimama. Nilinyoosha mkono kuzuia rekodi, lakini mama mdogo alikuwa ameshasogelea maiki, na bila kutazama karatasi yoyote akasema, "La, hakufa pale. Nimewahi mbele. Alishika ukingo."

Picha inayofuata ni Mwanamfalme akianza tena. Tumeiacha kama ilivyo, na nimefuta alama nyekundu niliyokuwa nimeiweka kwenye muswada kando ya kila kifo. Ziko 17, na mama mdogo amesema zote atazisema yeye, kila moja kwa namna yake, mradi asipewe za kusoma.

Anasafiri kesho kwenda Tukuyu kwa wiki mbili kwa ajili ya parachichi za shamba la bibi. Mdogo wangu atatumia muda huo kusafisha sauti ya mbio za Dahaka, ambayo ina kuku katika sekunde ya 40, na mimi nitamwomba mjomba Jumapili moja mwezi wa sita.